Malkia wa Kayole Hataki Kuomba Msamaha

Mpendwa Bi Jawahir,

Nakuomba unisaidie kabla sijaharibu kila kitu, au pengine nimeshaharibu na ninachohitaji ni mtu wa kuniambia hivyo waziwazi. Jina langu ni Ayuma, na usilifiche gazetini, maana haya ninayokueleza yalitendeka mchana mbele ya darasa zima na sina la kuficha. Naishi mtaa wa Kayole hapa Nairobi na wazazi wangu, baba ni mfanyakazi wa kiwanda cha blanketi na shemasi kanisani kwetu, mama anauza mboga, na mimi niko mwaka wa mwisho chuo kikuu nasomea fasihi ya Kiingereza, mwaka ambao ungekuwa umekwisha zamani kama chuo kisingefungwafungwa kwa sababu ya migomo. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza ndicho kilichonitia matatani.

Idarani kwetu kuna somo la kusoma tamthilia kwa sauti, na alama zake nyingi zinatokana na mtihani wa mdomo. Anayetufundisha ni Dokta Lusweti, mtu wa Bungoma, Mluhya kama mimi, ila alisoma ng'ambo miaka mingi na aliporudi alirudi na sauti ya huko, hata akikohoa unadhani ni redio ya Wazungu. Tunakaa kwa mduara, vitabu havitoshi, kwa hiyo watu watatu wanainamia kitabu kimoja. Muhula huu tulikuwa na tamthilia ya zamani ya Kiingereza kuhusu malkia anayenyang'anywa kiti na shemeji yake, na darasa likakubaliana sehemu ya malkia nisome mimi. Nilifurahi, Bi Jawahir, nilijizoeza jikoni nikimkatia mama mboga za sukuma mpaka yeye mwenyewe, ambaye Kiingereza hakijui sana, akawa anatambua mahali malkia anapoanza kukasirika.

Siku ilipofika nilisimama nikasoma. Sisi Waluhya b yetu ikitoka mdomoni huwa karibu na p, na g inasogelea k, nalijua hilo na sijawahi kulionea haya. Sikufika mbali. Dokta alipiga meza, akayarudia maneno yangu kwa kuniigiza, darasa likaangua kicheko, halafu akasema, kwa Kiingereza ingawa mimi nakutafsiria, "Kaa chini, mpe mwenzako kitabu. Malkia hatoki Kayole."

Ningekaa. Nakuapia nilikuwa nimeshaanza kuinama. Lakini huyo mwenzangu alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea kitabu huku bado anacheka, na mdomo wangu ukafunguka. Nikasema, "Daktari, na Bungoma pia hatoki."

Hapo walicheka zaidi kuliko walivyonicheka mimi, na nadhani hicho ndicho alichoshindwa kukimeza. Akanionyesha mlango. "Utarudi hapa siku utakayoniomba msamaha mbele ya hawa wote. Usipoomba, nakupa sufuri." Nilitoka. Aliyenifuata ni mmoja tu, Ndindi, rafiki yangu wa mtaa wa Jericho, alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Wengine wote waliinamia vitabu kana kwamba kuna jambo jipya limechapishwa humo.

Tulipofika kwenye ngazi Ndindi aliniambia, "Ayu, si tuisome tu huko kwetu? Kwani huyo malkia ni wa babake?" Tulicheka, lakini hatukuacha ikaishia hapo. Tuliomba ukumbi wa kanisa pale Kayole, tukawachukua vijana wa kwaya, tukaisoma tamthilia Jumamosi alasiri, Kiingereza chake na b zangu zote, na kila tendo likiisha Ndindi anasimama mbele kueleza kwa Kiswahili kilichotokea. Nilidhani watakuja watu wachache wa kutuhurumia. Watu walijaa. Nilipofika pale shemeji anapomwambia malkia ashuke kitini, mama mmoja muuza samaki alisimama akapiga kelele, "Usitoke hapo! Kaa!" na ukumbi mzima ukaitikia, "Kaa!" Bi Jawahir, nimesoma fasihi miaka yote hii, nimeandika insha juu ya hadhira, na sikuwa nimewahi kuwa na hadhira mpaka siku ile. Baba alikuwa amekaa kiti cha nyuma na kofia yake magotini. Alikaa hivyo mpaka mwisho.

Habari zilimfikia Dokta. Akasema darasani kwamba kuna watu wanaichezea fasihi vichochoroni kwa kumkejeli yeye, na sasa akaongeza kwamba msamaha huo niuombe na kwa maandishi. Mwenyekiti wa idara, Profesa Nyamai, mwanamke wa pekee mwenye cheo hicho kwetu na mtu ninayemheshimu sana, aliniita ofisini kwake. Alinipa chai. Akasema, "Ayuma, ni neno moja tu. Hata mimi nililisema nilipokuwa na umri wako, kwa mtu ambaye hakustahili, na leo nimekalia kiti hiki."

Nikamuuliza, "Na huyo mtu aliacha kukuonea, Profesa?"

Aliniongezea chai. Akasema, "Hakuacha."

Nyumbani nako ni hivyohivyo. Baba aliniketisha mezani, mama akiwa pembeni anachambua mchele. "Ayuma mwanangu," akasema, "unajua mimi nimeomba msamaha mara ngapi pale kiwandani kwa makosa ambayo sikuyafanya? Unadhani nilikuwa namwombea nani? Ni wewe usome." Nikamwambia, "Basi baba, umeshaomba ya kutosha sisi sote. Huu mmoja tuuache." Nikainuka nikatoka nje. Tangu siku hiyo hali nami chakula. Anasema mtoto aliyewashinda watu wote kwa cheo ale peke yake.

Idarani sijakanyaga tena, hata kwenye masomo ya walimu wengine, insha zangu zimekaa chini ya kitanda na mtihani unakaribia. Nikisema hapana naweza kukosa shahada, na nikisema ndiyo sijui atakayevaa joho ni nani. Je, hiki ni kiburi? Nishauri, lakini tafadhali usiniambie nikapige magoti, kwa sababu hilo nimeshaambiwa na kila mtu.

Ayuma, Kayole

*

Ayuma,

Tuanze na adabu. Mtu hamwombi mshauri ushauri akamtajia na jambo asilotaka kushauriwa. Ukija kwangu njoo na masikio yote mawili. Hilo limekwisha.

Nimeisoma barua yako nikitafuta tusi ulilomtukana mwalimu wako. Sikuliona. Amesema malkia hatoki Kayole, nawe umesema hatoki Bungoma, na nyote wawili mmesema kweli. Kama jiografia ni utovu wa adabu basi walimu wa jiografia wote wafukuzwe. Mtu mzima aliyemwigiza binti wa watu mbele ya darasa ndiye mwenye deni la msamaha, na wewe huwezi kumlipia. Kwa hiyo usiombe. Usiombe kwa mdomo wala kwa maandishi, wala usitafute yale maneno ya ujanja ya "kama nilikukosea". Ukilisema hilo neno leo, mwakani atamtaka mwingine alirudie.

Sasa kaa nikugombeze.

Ni nani aliyekuambia uache masomo ya walimu wengine? Dokta amekufungia mlango mmoja, wewe umekwenda ukaifunga iliyobaki yote kwa mkono wako. Insha ziko chini ya kitanda! Zinafanya nini huko? Mtu anayetaka kukupa sufuri hahitaji kuhangaika, umeshamfanyia kazi. Huo ndio ujinga katika barua yako, na usiuite msimamo. Msimamo ni kufika darasani ukiwa umesoma, ukakaa kiti cha mbele.

Na baba yako. Ulimjibu jibu zuri, nalikubali, hata mimi nimelisoma mara ya pili kwa sauti. Lakini ukishamjibu mzazi jibu kama hilo huinuki ukamwacha mezani peke yake nalo. Yule mzee amekuonyesha kidonda chake, wewe ukakitazama ukatoka nje. Leo jioni hii chukua sahani yako ukakae kando yake. Akiinuka, mfuate. Usimwambie kwamba umebadili nia, maana hujabadili. Mwambie unajua alichokifanya kiwandani, na kwamba kwa sababu yake wewe huna haja ya kukifanya. Halafu muulize jambo moja ambalo hujalifikiria hata kidogo: aliionaje ile tamthilia? Mtu hakai na kofia magotini mpaka mwisho kwa kitu alichokichukia.

Kesho asubuhi nenda idarani. Peleka insha zako kwa kila mwalimu, mkononi mwake. Kisha muone Profesa Nyamai, na safari hii usiende kunywa chai. Mwambie mwanafunzi ana haki ya kusikilizwa na mtahini asiyekuwa na ugomvi naye, na kwamba unaomba mtahini mwingine. Nenda na Ndindi, kwa kuwa alikuwepo. Mwombe baba yako akusindikize. Usimwombe akutetee, hilo utalifanya mwenyewe, mwombe tu aketi. Wanaidara wanajua kuzungumza na mwanafunzi aliye peke yake. Mwanafunzi aliyekuja na mzazi wake huwa wanamtafutia kiti.

Profesa usimwonee hasira. Alikupa dawa aliyopewa yeye. Wewe ulimuuliza kama ilimponya, naye hakukudanganya. Watu wa namna hiyo si wengi.

Na wakikataa? Utarudia mwaka, Ayuma. Mwaka mmoja hauui. Utaurudia ukiwa na b zako na g zako, na usithubutu kuzichonga ili zimpendeze mtu. Kitu cha kuchonga ni pumzi: jifunze kusoma mstari mrefu bila kukatika, sauti ifike mpaka kiti cha nyuma. Hilo ndilo jambo pekee ambalo mtahini ana ruhusa ya kukuuliza.

Acha kuandika barua. Nenda.

Bi Jawahir

*

Kwa Bi Jawahir,

Ulinikasirisha sana na lile neno la ujinga, kisha nikavuta insha kutoka chini ya kitanda.

Baba hakuinuka nilipokaa kando yake. Nilipomuuliza aliionaje tamthilia alitafuna kwanza, akasema, "Yule shemeji mlimfanya mkali mno. Wasimamizi wa kweli, kama wale wa kiwandani, hawapigi kelele hivyo, wanakuchekea." Tukaongea juu ya shemeji mpaka mama akatuambia chakula kinapoa. Bado alitaka niombe msamaha, na alinieleza hivyo, lakini alikubali kunisindikiza. Alivaa koti la ibada.

Ofisini alikaa kama ulivyosema. Nilieleza, Ndindi akasema aliyoyasikia, na Dokta Lusweti, aliyeitwa, akasema huyu binti ana ulimi mrefu. Profesa Nyamai akamuuliza, "Ulimwambia maneno hayo ya Kayole au hukumwambia?" Akasema ilikuwa mzaha. Akaulizwa tena, kwa sauti ileile. Akasema alimwambia. Basi Profesa akageuka kwangu akasema mtahini wangu atakuwa Bwana Muoki, na mkutano umekwisha. Kwenye korido baba alinishika bega akauliza, "Ni hivyo tu?" Alionekana kama mtu aliyesukuma mlango akiudhani umefungwa.

Nilisoma sehemu ya malkia mbele ya Bwana Muoki wiki iliyopita. Alinikatiza mara moja tu, kwa sababu lori lilikuwa likipiga honi nje na hakusikia mstari. Alama hazikuwa za kutangazwa mitaani, ila ni zangu na zinatosha kuhitimu. Dokta hajaniomba msamaha wala mimi sijamwomba. Wenzangu waliobaki darasani siku ile sasa wanajidai walikuwa upande wangu, nami nimewaacha wajidai.

Limebaki swali moja, na hili halina masharti. Jana nilikutana naye kwenye ngazi, akanisalimia kwanza, "Hujambo, Ayuma," kwa Kiswahili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Nilipita kimya. Usiku sikupata usingizi vizuri. Akinisalimia tena nifanyeje?

Ayuma

*

Ayuma,

Itikia. Sema "sijambo, daktari," simama wima, umtazame usoni, halafu uendelee na safari yako. Salamu ni haki ya kila mtu na haikupunguzii chochote. Msamaha ni kitu kingine, na huo akiutaka ajue ni yeye wa kuuomba, tena mbele ya darasa lilelile.

Bi Jawahir