Ikizidi Kung'aa, Imepoa

Afrika Kusini, 9 Machi 2025

Mama mpenzi,

Assalaam alaikum. Presha yasemaje? Mimi mzima, ila baridi ya huku mlimani inaniuma masikio.

Umeuliza tena hii nyota ninayoichunguza ina nini hata inile miaka yote hii. Ni jitu, Mama. Uzito wake ni wa majua makumi, mwanga wake wa majua laki kadhaa, na rangi yake ni samawati kwa moto ilio nao. Haitulii. Huvimba, ikatema gesi angani, kisha ikasinyaa. Ajabu yake, ikivimba ngozi yake hupoa, na hapo ndipo sisi huiona inang'aa zaidi. Watu wengi hudanganyika na mng'ao huo.

Msalimie kaka Hirad.

Binti yako,
Filsan


Majengo, Pumwani, 27 Aprili

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Sijambo, leso zinauzika kwa kubembeleza. Lakini kimya hiki ni cha nini? Nakupigia, simu haishikwi. Hirad asema nikuache, watu wa darubini wana shughuli. Mimi nasema hakuna shughuli ya kumzuia mtu kumwambia mamake "nipo."

Kuna mwanamume? Umeolewa bila sisi? Sema.

Mamako


4 Mei

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Natumai hujambo, nami sijambo. Samahani kwa kimya. Hapa kituoni simu zimepigwa marufuku, zinasumbua mitambo, ndiyo maana naandika barua pepe tu. Sijaolewa. Kazi yaendelea vizuri, na juzi nyota imeng'aa sana kwa kuwa joto lake limezidi. Usiwe na wasiwasi.

Binti yako,
Filsan


6 Mei

Wewe,

Salamu nakupa kwa kuwa Mungu ameamrisha. Hali yako siulizi, sikujui.

Filsan hajawahi kuniandikia bila kuuliza presha yangu. Hilo ningelimeza. Lakini nyota ile ikizidi kung'aa imepoa, haijaongeza moto! Amenieleza mpaka wateja wangu wanajua. Hawezi kukosea hapo hata akiwa na homa.

Nani wewe? Mwanangu yuko wapi? Yu hai?

Mamake Filsan


6 Mei

Mama,

Yu hai. Wallahi si kiapo changu, mimi Mkristo, lakini yu hai.

Naitwa Nyawira, nimezaliwa Kariobangi, ni muuguzi hospitali ya huku. Mwezi uliopita gari lake na wenzake wa kazi lilipinduka wakiteremka mlimani. Nyonga imevunjika, na taya limefungwa waya, hawezi kusema. Aliniandikia kwa mkono wa kushoto: "Mama asijue. Baba alikufa kwa ajali ya gari, hili litamuua." Nikakubali, nikakuandikia kwa jina lake. Ya nyota niliyabuni mwenyewe, yeye akiwa amelala.

Nisamehe.

Mwanao wa Kariobangi,
Nyawira


7 Mei

Mama, ni mimi. Naandika kwa kidole kimoja. Napona. Tafadhali usije, safari itakuumiza.

Filsan wako


8 Mei

Mwanangu, kama kweli ni wewe,

Presha imepanda, nimemeza dawa, imeshuka. Sasa nisikilize.

Baba yako nilimwona keshaoshwa, keshavikwa sanda, kwa sababu kila mtu alinihurumia. "Subiri kidogo, mama," wakaniambia mlangoni mwa hospitali, hata akafa nikiwa nasubiri. Sitahurumiwa tena.

Kibanda nimefunga. Hirad amekata tiketi ya Jumamosi. Huyo Nyawira asinipokee kwa maneno matamu wala chai. Anipeleke moja kwa moja kitandani. Nikikushika mkono, nitaamini.

Mamako