Majibu ya Jumatatu

Nkoaranga, Meru,
Arusha.
Jumamosi, 19 Julai 2025

Mpendwa dada Elinaza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, na magoti yako yamepata nafuu. Shemeji Frederick ameacha kweli sukari, au bado anakudanganya ukienda sokoni? Huku baridi imetukamata. Ukungu haupandi mlimani mpaka saa tano, na kahawa za kwanza zimeanza kuiva. Wifi yako Hanna hajambo. Ng'ombe wake amezaa ndama jike, kwa hiyo siku hizi mimi ni wa pili nyumbani.

Umenipigia simu mara nne wiki hii nisipokee. Si jeuri, dada. Sina sauti. Tangu Aprili koo lilikuwa linakwaruza, nikalaumu vumbi la chaki. Sasa wanafunzi wa dawati la mbele tu ndio wanaonisikia, na mkuu wa shule amenipa likizo. Wiki iliyopita daktari alinikata kinyama kidogo kooni, kikapelekwa kupimwa. Aliniuliza kama nimewahi kuvuta sigara. Nikamjibu, zamani, kwa miaka kumi na miwili. Akaandika bila kuinua macho. Majibu ni Jumatatu saa nne asubuhi.

Naogopa, dada. Naogopa nikinywa chai, naogopa nikifunga kamba za viatu. Hanna nilimwambia ni mafua yaliyokataa kuisha.

Unanijua nilivyo. Nimebishana na wachungaji, wazee wa kanisa, na hata yule mhubiri wa redioni aliyesema hofu ni dhambi. Nilimwandikia kurasa sita. Nilimuuliza: ni nani humwambia asiyeogopa, usiogope? Kama Maandiko yanalirudia neno hilo kila mahali, ni kwa sababu watu wa Mungu walikuwa wanatetemeka, naye alisema nao wakiwa wanatetemeka. Bado nasimama hapo, na mwenye ubavu aje. Lakini hoja ile niliyowashinda nayo wengine haikunipa usingizi hata saa moja.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwandikia mtu mwingine. Unakumbuka vile vikaratasi nilivyogawa sokoni Maji ya Chai mwaka juzi, kuwapinga manabii wa mafuta ya upako? Alhamisi nilivaa kofia, nikavuka mji mzima mpaka Terrat, nikapanga foleni kwenye hema la nabii mmoja wa aina ileile. Mimi, Abdiel, mtoto wa mwinjilisti.

Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa Kimaasai, wenzake walimwita Nashilu. Akageuka, akanitazama chini ya kofia.

“Shikamoo mwalimu! Si wewe uliyetuambia tunapakwa mafuta ya kukaangia samaki?”

Foleni nzima ikacheka. Kijana wa hema akaja na daftari. “Jina nani, baba? Shida yako?” Nikafungua kinywa, ikatoka sauti ya jogoo anayejifunza kuwika. Kicheko kikakatika palepale. Yule mama akanishika kiwiko.

“Pita mbele yangu, mwalimu. Wewe una hali mbaya kuliko sisi.”

Nikakimbia, dada. Nilikimbia hasa, kofia mkononi. Yale mafuta ni ulaghai, na nitayapinga tena nikijaliwa sauti. Lakini miaka yote hii nilidhani napigana na wajinga, kumbe wengi walikuwa watu wenye hofu kama yangu, na mmoja wao alinipa nafasi yake.

Jana asubuhi tulikaa sala kama kawaida, Hanna akiwa ametoka kukamua. Utakumbuka sheria ya baba: kila mtu aseme fungu lake la Biblia kwa moyo, na lile fupi kuliko yote, la Yesu kulia kaburini kwa rafiki yake, lilipigwa marufuku. Fungu la wavivu, alisema. Ukilitaja, unatolewa nje ya mlango, unarudi na lingine refu. Hanna akasema lake. Zamu yangu ilipofika, nina mafungu mia kichwani, lakini koo likakubali lile tu. Nikalisema kwa mnong'ono. Halafu machozi yakanitoka kama mtoto, na vyote nikamwambia: kinyama, Jumatatu, Terrat.

Unadhani alinipa pole? Alisimama.

“Ulikwenda kwa nabii kabla ya kuja kwangu? Abdiel, umebishana na mkoa mzima, halafu mimi ndiye unayeniogopa?”

Alinifokea mpaka chai ikapoa. Halafu akakaa, akaweka kiganja kooni pangu, kikiwa bado kinanuka maziwa. Nilingoja sala ndefu ya uponyaji. Alisema tu, “Bwana, upo hapa. Usituache.” Hakuongeza neno. Tukakaa hivyo.

Hofu haikuondoka, dada, nisikudanganye. Lakini nilijua, kama ninavyojua kuwa ukuta upo nyuma ya kiti changu, kwamba hatukuwa wawili tu mle ndani. Nimeandika mengi juu ya Mungu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilinyamaza mbele zake, na hata mara hii ni yeye aliyeninyamazisha.

Jumatatu tunakwenda pamoja. Hanna ameshamwomba jirani amkatie ng'ombe majani. Barua hii nitaipiga picha nikutumie kwa simu leo hii, ili ikuwahi. Wewe usinitumie mafungu wala majina ya dawa. Ikifika saa nne, popote ulipo, acha unachofanya, sema maneno yaleyale ya Hanna, kisha unyamaze kidogo pamoja nasi. Jibu lolote watakalotoa, nataka linikute nimekaa katikati yenu.

Nisalimie shemeji, na Nancy na mumewe, na Bariki umwambie mjomba wake anadai barua. Mungu aliye karibu na wenye hofu awe karibu na nyumba yako, mlalapo na mwamkapo.

Mdogo wako akupendaye, ingawa kwa sasa ni kwa maandishi tu,

Abdiel