Mwanamume Anayenuka Salfa

Jumamosi.

Na makofi wakampigia! Kwenye uzinduzi wa kitabu changu leo, msomaji mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, yule mwanamume wa riwaya yangu anayerudi kutoka kwenye mikorosho akinuka salfa nilimtoa wapi. Sijafumbua mdomo, mume wangu akasimama: "Ni mimi huyo, jamani."

Karani wa bandarini! Pampu ya kupulizia mikorosho salfa hajaibeba hata siku moja.

Nami nikachekacheka kama mjinga. Hilo ndilo linaloniuma.

Baba alipougua, shamba lake la mikorosho la Ziwani nililipulizia mimi, misimu mitatu, macho yakiniwasha. Sikumtoa mwanamume popote. Yule ni mimi.

Alinioa mikono yangu bado inanuka salfa. Na anaapa kitabu amekisoma mara mbili.