Bibi Aliyetazama Sinema kwa Nyuma

Bibi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Siku ile gari la sinema lilipokuja kijijini mara ya kwanza, wakatundika shuka jeupe kati ya mikaratusi miwili pale shuleni, wewe ulikataa kukaa mbele na watu. Ulisema mbele kuna vumbi na visigino vya vijana. Ukanishika mkono tukaenda kukaa nyuma ya shuka, upande ambao haukuwa na mtu, na picha zikatufikia huko huko, zikipenya kitambaa. Katikati ya sinema nilikuambia naenda kujisaidia. Sikwenda kujisaidia. Nilizunguka mbele, nikasimama nyuma ya vichwa vya watu, nikamtazama yule mtu wa kwenye picha aliyekuwa akifundisha kupiga mswaki. Alikuwa ameushika mswaki kwa mkono wa kulia.

Kwa nyuma, tulikokaa sisi, ulikuwa mkono wa kushoto.

Nikarudi nikakaa. Ukaniuliza, "Umemaliza, mume wangu?" Nikasema nimemaliza. Hukuwa ukiniangalia. Ulikuwa umeinama mbele, umekumbatia magoti, unacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwako, kama mtu aliyekutana na ndugu yake mnadani. "Mtazame na yule," ulisema. "Na yule wa jembe. Na wale askari wanaopiga saluti. Wote mashoto! Elia, nchi nzima ya mashoto!" Halafu ukasema kwa sauti ya chini, "Kumbe mimi nilizaliwa tu mahali pasipo pangu."

Ningesema nini? Nina kitabu cha sayansi kinachoeleza mambo ya mwanga, ningeweza kukuchorea hata kwenye vumbi. Nilinyamaza, na ingekuwa leo ningenyamaza vilevile. Kwa hiyo sikuandikii kuomba radhi. Nakuandikia kwa sababu umekufa, na sina mwingine wa kumwambia.

Barua ya Baba ilinikuta Mbeya, bwenini, wakati wenzangu wakipiga pasi mashati ya Jumapili. Ilikuwa na adabu kama barua zake zote: wao hawajambo, mvua zinanyesha, pareto imechanua vizuri, na Bibi yako tumeshamzika. Niliisoma mpaka mwisho, nikaikunja, nikaenda kusimama kwenye foleni ya pasi. Zamu yangu ilipofika sikukumbuka nilitaka kunyoosha nini.

Sasa ni likizo ya kiangazi na kesho narudi shule. Nimekaa juu ya lile jiwe letu juu ya kijito. Upepo unageuza karatasi, naishikilia kwa goti. Najua hutaisoma. Hata ungekuwa hai ungenirudishia ukasema, "Nisomee wewe, macho yangu yamekwenda kuchuma pareto." Lakini nimekaa niandike kwa ajili ya Kalista. Mdogo wangu amefungwa mkono, Bibi. Mwezi mmoja tu baada ya mazishi yako. Mama ndiye aliyeniambia, na aliniambia akiwa amegeukia sufuria.

Nitarudi kwa Kalista. Siwezi kuanza naye.

Kila jioni nimetembea njia yetu. Kutoka nyumbani, kupita kaushio la pareto, kushuka kijitoni, kupanda hadi barabara kuu. Nyasi zimekauka, zinakata miguu, na ng'ambo ya bonde wamechoma moto, mlima wote mweusi. Ulipenda wakati huu wa mwaka. Ulisema ndio wakati mtu anaona nani anakuja kabla hajafika na kuomba chumvi.

Nimekumbuka vituko vyako vyote, hata vile vilivyonitia aibu. Tulipofika kwenye lami ulivua viatu vyako vya plastiki, ukavibana kwapani, ukavuka pekupeku. Nilikuuliza kwa nini. "Watu wamewafagilia wageni barabara, wewe unaingia na matope?" Ukifika ng'ambo unavivaa tena. Halafu malori yaliyokuwa yakienda Zambia. Uliyaamkia moja moja, "Kamwene!", kama vile dereva angesimama akupe habari za wajukuu wake, na wale waliopiga honi ulisema wamelelewa vizuri. Na hukukubali kurudi kwa njia tuliyokwenda nayo. "Hiyo tumeshaiona," ulisema, basi tukapita mashambani mwa watu, wewe mbele na mundu wako unakata miiba kwa mkono wa kushoto, mimi nyuma na kitabu changu.

Vitabu vyangu ulivinusa kabla sijakusomea. Kimoja ulikirudisha ukasema kinanuka zahanati, hukuitaka hadithi yake.

Na ulinitania. Mungu wangu, ulivyonitania. "Mume gani huyu anatembea kama anatafuta sindano? Inua kichwa! Kama huna maneno sema, niolewe na dereva wa lori." Wajukuu wengine waliwajibu bibi zao papo hapo, wakawaita wake zao, wakawaambia wamezeeka watawaacha. Mimi nilitabasamu tu nikatazama chini. Majibu niliyapata baadaye, kitandani, mazuri kabisa, na nilikuwa nikijiambia kesho nitayasema.

Siku ya kwanza ya likizo hii nilivua viatu kwenye lami kama wewe. Watoto waliokuwa dukani wakacheka, wakaita, "Baridi imempanda kichwani msomi!" Sikuvua tena. Lori likapita. Nilitaka kusema kamwene. Nilifungua mdomo, lori likawa limeshafika kona.

Gari la sinema halikuja mwaka huu. Wanasema ni petroli. Nafikiri hata lingekuja nisingekwenda, kwa sababu sijui kucheka peke yangu. Zile sinema zenyewe zilikuwa mambo ya ajabu tu, Bibi, na ni wewe uliyezifanya ziwe na maana. Ile ya watu wa nchi ya theluji waliojifunga mbao miguuni wakateleza kutoka mlimani, wakafika chini, wakapanda tena. Uliuliza kwa sauti, "Hawa wanatumwa na nani?" na watu wa mbele ya shuka wakacheka mpaka mtambo ukasimamishwa. Ile ya ufugaji wa kuku, sauti ilipoharibika, yule bwana wa gari akachukua kipaza sauti akaanza kumsemea kuku mwenyewe, akilalamikia banda lake. Ulikubaliana na kuku kila neno.

Na ile ya mwisho. Ulikuwa umeshaanza kisomo pale kanisani, pamoja na wazee wenzako. Mwalimu alikuwa akikuwekea chaki mkono wa kulia, akigeuka ubaoni unaihamisha. Ulijua herufi kiasi cha kusoma jina lako na neno "maji". Tulikaa kulekule nyuma ya shuka. Picha ilipoisha yakatokea maandishi makubwa, nawe ukayakazia macho. Nilijua unaona kwamba yamegeuka, kwamba yanaanzia pasipostahili. Nikajua sasa umeelewa, sasa nchi yako imekwisha. Uliyatazama mpaka yakafutika. Halafu ukasema, "Hata maandishi yao ni ya mashoto." Ukanyanyuka, ukakung'uta khanga, tukaenda.

Mpaka leo sijui. Labda ulijua tangu siku ile ya kwanza. Labda ulijua hata kwamba sikwenda kujisaidia. Nilipanga kukuuliza mwaka huu, kwenye jiwe hili.

Basi, Kalista.

Unakumbuka Baba alipojaribu mara ya kwanza. Tulikuwa tunakula, Kalista akatia mkono wa kushoto kwenye ugali, Baba akatoa kitambaa mfukoni. Alikuwa amekiandaa. Wewe hukupandisha sauti. Ulinyoosha mkono wako juu ya sahani, ule wenye alama ya kamba ya ganda la muhindi aliyokufungia mama yako ulipokuwa mdogo, ukasema, "Kama unafunga, anza na mimi." Baba akarudisha kitambaa mfukoni, tukaendelea kula, na hakuna aliyegusa mboga kwa muda mrefu.

Kitambaa ni kilekile. Asubuhi anamfunga mkono ubavuni, jioni akilala anamfungua. Baba si mtu mbaya, ulimzaa mwenyewe, unamjua. Nilimsikia akimwambia Mama, "Mwakani anaanza shule. Mwalimu hatamfunga, atamchapa. Akiolewa, wakwe hawatapokea kikombe chake. Unataka ayapate yale ya mama?" Na sauti yake ilitetemeka aliposema yale ya mama. Ndipo nilipokumbuka uliyonisimulia, kwamba harusini hawakukupa kata ugawe ulanzi hata siku moja, hata harusi ya mwanao mwenyewe, eti wageni wasije wakapokea kinywaji kutoka mkono ule. Baba alikuwepo. Alikuwa ndiye bwana harusi. Nadhani anamfunga Kalista kwa sababu anakupenda, na hilo ndilo linalonimaliza, kwa sababu sijui mtu anapinganaje na hilo.

Kalista amebadilika. Alikuwa anaimba akichota maji kwa kikopo, sasa haimbi. Kijiko kinamponyoka, uji unamwagikia tumboni, anakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Zamani alichora ng'ombe kwa mkaa ukutani mwa jiko, ng'ombe wenye miguu yote. Juzi nilimpa mkaa, akachora mstari mmoja kwa mkono wa kulia, akaniangalia, akauweka chini. Aliniuliza, "Bibi anarudi lini?" Nikasema harudi. Akafikiri kidogo, akauliza, "Hata kwa njia nyingine?"

Jibu la swali lile, Bibi, nimelitafuta njiani kwetu likizo nzima.

Ningekuwa na imani kama Mama ningesema unatuona. Sioni dalili. Kaburi lako limeanza kutitia upande mmoja, panya buku wamechimba. Mundu wako Baba alimpa jirani, naye ameurudisha akisema haukati. Unakata. Umenolewa kwa ajili ya mkono wa kushoto, ndiyo maana. Sasa umechomekwa kwenye paa la jiko na unashika kutu. Kila kitu kinaendelea kwa mkono wa kulia, taratibu, hakuna anayefanya kosa lolote, na nikirudi likizo ijayo Kalista atakuwa amezoea.

Lakini bado kuna leo. Jua lipo juu kidogo ya mikaratusi na Baba atakuwa uani anachambua pareto. Nimeandaa maneno, nimeyarudia njia nzima. Nitasema: "Baba, Bibi alilima kwa mkono ule, na wewe ulikua kwa chakula alicholima. Mfungue." Si maneno mengi. Mtu yeyote anaweza kuyasema. Nakuahidi, nitayasema kabla ya chakula, na nitainua kichwa nikiyasema.

Pumzika sasa, mke wangu. Nimelisema neno hilo nalo. Umechoka kulisubiri.

Mjukuu wako,
Elia

Bibi, nilikuwa nimemaliza hapo. Haya ninayaandika shuleni.

Niliweka kalamu mfukoni, nikaenda nyumbani. Baba alikuwa uani kama nilivyodhani, amekaa kwenye kigoda, mkeka wa maua mbele yake. Nikamwamkia. Nikasema, "Baba, ule mkono wa Kalista." Akasema, "Ehe?" Akaacha kazi, akaniangalia, akasubiri. Hakukasirika hata kidogo. Alisubiri muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na nafikiri ningesema chochote wakati ule angesikiliza. Nikasema, "Hapana, Baba."

Akarudi kwenye maua yake. Kisha akasema, "Hata mimi naona fundo limelegea. Kalikaze kabla hatujala, mikono yangu ina pareto, itamwasha."

Kalista alikuwa amekaa jikoni karibu na moto. Nilipopiga magoti mbele yake alininyooshea mkono mwenyewe, wa kushoto, bila kuambiwa, kama anavyonyoosha mguu avalishwe kiatu. Nikaulaza ubavuni kwake. Nikazungusha kitambaa, nikafunga. Akaniuliza kama amekaa vizuri. Nikasema amekaa vizuri.

Mama akaleta maji ya kunawa. Nilimnawisha Kalista ule mmoja. Tukala ugali na maharage, na asubuhi nikapanda basi la Mbeya pale Nyololo.