Bastola Zangu Ziko kwa Wendell

Tarrow Creek, Montana
Tarehe 11 Juni

Dada yangu mpendwa Marjean,

Pokea salamu zangu za moyoni, wewe na shemeji Duane. Naomba barua hii ikukute mzima, goti lako likiwa limepata nafuu, na joto la huko Arizona lisiwe limewafungia ndani. Mimi hapa sijambo, na safari hii nikisema sijambo uniamini. Nakula, nalala. Mvua imenyesha wiki mbili mfululizo, nyasi zimefika magotini, na jirani yangu ameanza kulalamika kwamba matope hayamruhusu kukata malisho ya ng'ombe wake. Mwaka jana alilalamikia ukame, kwa hiyo naye ni mzima. Ile jemu ya pichi uliyoniletea Pasaka imebaki nusu chupa, na wageni wakija naificha.

Ulipokuwa unaondoka uliniambia mambo mawili pale mlangoni. La kwanza, niuze nyumba nije kwenu, chumba cha nyuma kipo. La pili, niachane na wale watu wangu wa bunduki, maana nimefiwa na mke na bado nashinda Jumamosi nzima gerejini nikizungumza habari za risasi. Mimi nilikufungulia tu mlango wa gari. Kwa lile la kwanza nakushukuru sana, dada, sitasahau. Kwa la pili, inabidi nikueleze watu hao ni nani, kisha utaamua mwenyewe.

Wenyewe ni wawili tu. Wendell Brekke unamkumbuka, yule mrefu, alikuwa fundi wa matrekta mpaka mgongo ulipomkatalia. Wa pili ni Peg Dunnigan, aliyepika katika shule ya hapa miaka thelathini, na mpaka leo vijana wakubwa wenye ndevu wakimwona dukani huvua kofia. Kwa miaka kumi na miwili tumekutana gerejini kwa Wendell kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Tunajaza risasi, na mchana tunakwenda kwenye uwanja wa shabaha kuzimaliza.

Na kwa miaka kumi na miwili tumebishana jambo lilelile. Wendell ni mtu wa kipimo cha arobaini na tano, risasi nzito inayokwenda polepole, kwenye bastola ya chuma iliyobuniwa kabla babu yetu hajaoa. Husema kitu kilichofanya kazi miaka mia moja hakina haja ya kuboreshwa na mtu wa Tarrow Creek. Mimi ni mtu wa rivolva, bastola ya kasha la risasi linalozunguka. Rivolva haikwami, na ukimaliza kupiga, maganda yako unayo mkononi, huendi kuyatafuta kwenye theluji kama kuku anayetafuta punje. Peg anapiga ya milimita tisa, ndogo na nyepesi, na hutushinda sote wawili. Akishatushinda humwambia Wendell kwamba bastola yake ni nzuri sana kwa kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Kujaza risasi hujawahi kuona, basi nikueleze kidogo. Ganda lililokwisha kupigwa halitupwi. Unalisafisha, unalinyoosha kwenye mashine ya mkono, unatia fataki mpya ya kuwashia baruti kwenye kitako chake, unapima baruti kwa mizani na kuimimina ndani, kisha unabana kichwa cha risasi juu yake. Si kazi ngumu, ila haimtaki mtu mwenye mawazo. Baruti ikikosekana, kichwa hukwama ndani ya mtutu. Ikiingia mara mbili, bastola inaweza kupasuka mkononi mwako. Ndiyo maana kwa Wendell mtu anayepima baruti hasemeshwi, na hakuna kichwa kinachobanwa kabla Peg hajamulika tochi ndani ya kila ganda. Humulika hata ya kwake mwenyewe. Tumemtania kwa tochi ile mpaka utani umetuishia.

Marehemu mke wangu Ilene alikuwa akituletea mkate wa mdalasini saa nne hivi. Husimama mlangoni akasikiliza kidogo, kisha akauliza kama bado hatujaamua bastola ipi ni bora. Wendell humjibu kwamba tunakaribia.

Alipofariki Novemba, mlikuja, mkazika, mkarudi kwenu, na hivyo ndivyo inavyobidi. Wendell na Peg walibaki kwa sababu wanaishi hapa. Jumamosi ya kwanza sikwenda gerejini. Ya pili Wendell alikuja akakaa garini mbele ya nyumba akipiga honi mpaka nikavaa viatu. Basi nikawa nakwenda, msimu mzima wa baridi. Nilinyoa ndevu, nilicheka panapochekwa, na nilidhani hakuna aliyeona kitu.

Jumamosi moja ya Februari Peg alimulika trei yangu ya maganda akasimama. Ganda moja lilikuwa tupu, na la pembeni yake lilikuwa na baruti mara mbili. Akasogeza tochi, akakuta mengine mawili ya namna hiyo. Kosa hilo sikuwahi kulifanya hata mara moja. Nilingoja anitanie. Hakunitania. Aliirudisha baruti yote chupani, ganda baada ya ganda, akaniambia leo zamu ya kupika kahawa ni yangu. Wendell alikuwa ameinamia mashine yake kama mtu ambaye hakusikia.

Wiki iliyofuata Wendell alikuja na bastola mpya ya fremu ya plastiki, aina ambayo nimeitukana tangu ilipoanza kuuzwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba haikuwa yake, aliiazima kwa mpwa wake makusudi ili anichokoze. Akaiweka mbele yangu juu ya meza akaniuliza naionaje. Nikaishika, nikaigeuza huku na huku, nikasema, “Nzuri. Yoyote tu inafaa.”

Dada, ungekuwa unanijua nilivyo gerejini ungeelewa jinsi maneno hayo yalivyosikika. Peg aliweka kikombe chini. Wendell akaichukua bastola akairudisha kwenye boksi lake.

Mwezi Machi, siku ya Alhamisi, nilipakia mashine yangu ya kujazia risasi, mizani, na maganda yangu yote, nikampelekea Peg nyumbani kwake. Nilimpa hata daftari la vipimo vyangu, lile ambalo sijawahi kumwonyesha mtu. Nikamwambia napunguza vitu nyumbani. Akapokea, akashukuru, akanifungia supu ya maharage nirudi nayo. Njiani nilijiona nimefaulu.

Kesho yake saa moja asubuhi wakagonga mlango, wote wawili. Wendell alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na ilikuwa Ijumaa. Sijui kwa nini alilivaa, nadhani hata yeye hakujua. Nikawakaribisha jikoni. Hakuna aliyetaka kahawa.

“Orrin,” Wendell akasema, “nimekuja kuazima bastola zako.”

Nikamuuliza anataka ipi.

“Zote. Na bunduki ya kuwindia kulungu. Na risasi.”

Nikamwambia yeye ana zake kabati zima, za kwangu za nini. Akasema zikae kwake mpaka nitakapoanza tena kumtukania bastola yake. Nikacheka. Yeye hakucheka. Hapo nikakasirika, nikamwambia hizo ni mali yangu, sipewi amri nyumbani kwangu. Nilipandisha sauti, dada, mbele ya Peg. Wendell akatazama mikono yake. Peg, ambaye alikuwa hata kofia hajavua, akaniuliza kwa sauti ileile anayoulizia kama trei imekwisha kupimwa:

“Orrin, unafikiria kujiua?”

Hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu mstari wa kwanza, na mkono unaniwia mzito. Nilimjibu ndiyo. Neno lilinitoka kabla sijalipanga. Kwa miezi yote ile hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali ambalo jibu lake ni hilo.

Nilikuwa nimeshachagua hata siku, ilikuwa Jumapili iliyokuwa inafuata. Wewe ulinipigia simu wiki nzima na sikupokea. Nilikuja kukudanganya kwamba laini ilikuwa mbovu. Laini ilikuwa nzima. Nilijua nikisikia sauti yako sitaweza, basi nikawa nakaa jikoni nikiitazama simu mpaka inyamaze. Na hii siyo barua ya kwanza kukuandikia mwaka huu. Ya kwanza ilikuwa kwenye droo ya vijiko, bahasha imefungwa, jina lako juu yake. Asubuhi ile nilifungua droo nikampa Peg. Hakuifungua. Aliniuliza aifanye nini, nikasema sijui, akaitia kwenye mkoba wake akasema atakaa nayo mpaka nijue. Mwezi wa nne nilimwomba, nikaichoma mwenyewe kwenye jiko. Haikuwa na kitu cha maana cha kukuambia, Marjean. Niliandika kwamba nimechoka na kwamba usijilaumu, kana kwamba mtu huambiwa hivyo akatii.

Wendell alizifunga bastola zangu moja moja kwenye mablanketi, akaandika orodha, akatia sahihi, akaibandika kwenye mlango wa jokofu langu ili nisije nikasema nimeibiwa. Kabati lake sasa lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao yeye, wa pili anao Peg, ili siku nikimwendea mmoja wao kwa maneno matamu nisifaulu. Alipomaliza kupakia alirudi mlangoni akasimama.

“Mimi haya mambo sijui kuyasema,” akasema. “Lakini wewe ukiondoka, mimi nitabishana na nani? Na Peg hatubishani, anatushinda tu.”

Halafu akalia, mzee yule, kwenye baraza langu, na koti la kanisani. Mimi pia.

Peg alinipeleka kwa daktari asubuhi ileile. Alikaa chumba cha kungojea kwa muda wa saa nne na nusu akifuma soksi, na nilipotoka hakuniuliza kitu, alinipimia soksi tu mguuni. Nilipewa dawa. Kila Jumanne nazungumza na mshauri, binti mmoja ambaye hajawahi kushika bastola maishani, na ambaye sasa, maskini, anajua kwa nini baruti inayoungua polepole inafaa mtutu mrefu. Anasema nisimulie tu, yeye anasikiliza. Wendell naye alikuja kunipikia chapati za maziwa kila asubuhi, siku arobaini bila kukosa. Zilikuwa zimeungua nje na mbichi ndani. Nilikula zote.

Ulipokuja Pasaka ukakuta kabati langu la bastola tupu, nilikuambia bastola zimepelekwa kusafishwa. Ulifurahi, ukasema heri zisirudi. Ilikuwa nafasi yangu ya kukueleza na sikuweza. Nisamehe kwa hilo. Nisamehe na zile simu.

Unawaita watu wa bunduki, na ni kweli ndivyo walivyo. Mchungaji aliniuliza habari, nikasema sijambo, akaridhika. Wewe niliweza kukudanganya kwa simu. Wao sikuweza, kwa sababu wamenisikia miaka kumi na miwili nikigombana juu ya punje moja ya baruti, na siku niliposema yoyote inafaa, walielewa haikuwa habari ya bastola. Pia wanajua vitu hivi vinaweza kufanya nini. Wewe na mimi tungeona aibu kuuliza. Wao waliona ni kama trei yenye baruti mara mbili: unaimwaga kwanza, maswali baadaye.

Jumamosi iliyopita Wendell alisema, huku akinipa mgongo, kwamba rivolva zimepitwa na wakati, zinafaa ukutani. Nilimjibu kuanzia saa tatu mpaka chakula cha mchana. Nilimtajia uzito, mwendo wa risasi, matengenezo, na mara zote bastola yake ilipokwama Agosti ya mwaka juzi. Peg alitazama saa, akasema anakwenda sokoni, atarudi tukimaliza. Alirudi hatujamaliza.

Nilipopumua, Wendell alipangusa mikono akaniambia bastola zangu ziko tayari, nikizitaka hata leo. Nilifikiri kidogo, nikamwambia zikae kwanza. Zikae mpaka majani ya miti yapukutike, mwezi wa kumi, kisha tutamuuliza daktari pamoja. Nilisema hivyo mbele ya Peg na sikuona haya. Kwa sasa mimi ni mpika kahawa na mkosoaji, na kazi zote mbili naziweza.

Kwa hiyo, dada, sihamii Arizona, ingawa chumba kile cha nyuma nitakuja kukilalia Januari, baridi ikizidi. Nakuomba Agosti uje hapa wewe na Duane, mkae wiki nzima. Jumamosi nitakupeleka gerejini. Hutashika chochote usichotaka kushika. Peg anataka kujua ile jemu unaipikaje, na ameniuliza mara tatu, jambo ambalo si kawaida yake.

Ukitaka kumshukuru Wendell, usimshukuru waziwazi, atakimbia. Ingia, kaa, ngoja anyamaze, kisha mwambie kwamba umeitazama bastola yake na unaona ni nzito mno kwa mtu wa umri wake. Atafurahi siku nzima.

Nisalimie shemeji Duane na wote waliopo nyumbani. Mungu awalinde, na asante kwa kupiga simu ile wiki yote hata pale ambapo hakukuwa na wa kupokea.

Mdogo wako anayekupenda,
Orrin