Mafuta ya Kondoo Hayafukuzi Chanjo

Jumamosi. Baridi ya Juni, manyunyu tangu asubuhi, mlima haujaonekana kutwa nzima. Na mimi nimekasirika mpaka chakula nimekiacha mezani.

Mdogo wangu Neema amejifungua mtoto wa kike huko Terrat, kwa wakwe zake. Leo nimempelekea ndizi za mtori, supu ya mzazi, kutoka kwetu Akheri. Nimemkuta kitandani, matiti yamejaa yanamuuma, na mtoto analia mikononi mwa bibi yake akinyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko. Tangu jana hajanyonya.

Sababu? Chanjo ya korona. Chanjo ambayo Neema alichanjwa kabla hata hajamjua huyo mume!

Kuna mama mmoja wa kwaya ya kanisani kwao anauza chupa za dawa ya kusafisha mwili. Ndiye aliyewaambia kwamba chanjo ile ilibebwa na mafuta, na kwamba mafuta hayo hayatoki, yanajificha mpaka maziwa yaje yamfikie mtoto. Mama mkwe wa Neema, sote tunamwita Yeyo, yaani mama, akaona chupa ya nini wakati dawa ya kwao ipo. Akayeyusha mafuta ya kondoo, akamnywesha kikombe kizima ili mafuta yafukuze mafuta. Neema ameharisha usiku kucha. Mzazi jamani!

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, lakini mbele ya Yeyo ni mtoto tu. Nikaamkia, nikapokea chai, nikameza hasira pamoja nayo.

Kinachonichoma ni kwamba uongo wenyewe una nusu ya ukweli.

Ni kweli chanjo ile ilibebwa ndani ya vitone vya mafuta, vidogo visivyoonekana. Vingi huishia msulini pale sindano ilipoingia na kwenye tezi za karibu. Vinavyoponyoka kwenye damu hudakwa na protini ileile inayoshika vibebeo vyetu wenyewe vya kolesteroli. Basi ini likiviona linadhani ni vya nyumbani. Linavifungulia mlango, linavivunjavunja, habari imeisha. Hakuna cha kujificha miaka.

Nikamwuliza Yeyo kwa upole, mafuta ya kondoo yakinywewa huenda wapi?

"Yanaingia mwilini yanakuwa nguvu. Mwalimu mzima hujui hilo?"

"Hayaharibu maziwa?"

"Mafuta yaharibu maziwa? Tangu lini!"

Nikamwambia basi, Yeyo, na yale ya chanjo yalipita mlango huohuo, mwili ukayamaliza zamani sana. Akamtazama mtoto, akaweka kijiko chini. Kisha akampa Neema mwanawe. Mtoto alidaka titi kwa pupa, Neema akalia, nami nikalia pia, kwa hasira zaidi kuliko furaha.

Wakati ananisindikiza hadi mlangoni, Neema akaninong'oneza jambo ambalo hakuthubutu kulisema mbele ya mkwe wake. Yeye na yule mama wa kwaya walichanjwa siku moja, kwenye foleni moja. Yule mama ndiye aliyekuwa mbele yake.

Na ana mtoto mchanga. Anamnyonyesha kanisani kila mtu akiona.

Yaani njia nzima nimewaza hilo tu. Wa kwake anyonye ashibe, wa mdogo wangu alie njaa ili chupa ziuzike!

Kesho naenda ibada ya kwanza kanisani kwao, nitakaa na Yeyo. Tukitoka nje nitamwamkia yule mama kwa heshima zote, kisha nitamuuliza, Yeyo akisikia: mama, mtoto wako ulimsafishia maziwa kwa chupa ipi?