Miche ya Elia

Jumamosi jioni, 1999, Nkoaranga

Bora ningenyamaza. Nani alinituma kumsomea mgonjwa jarida la maabara?

Wiki iliyopita nilimweleza mdogo wangu Elia kwamba watafiti huko Marekani wanavilisha virusi vya UKIMWI herufi bandia za vinasaba, ili kila vikijinakili vikosee, makosa yarundikane mpaka vife vyenyewe. Elia alikuwa mwalimu kabla ya kuugua. Alicheka sana: "Kama wanafunzi wanaonakili kwa mjinga mwenzao!" Kile kicheko kilinifunga mdomo. Sikumwambia kwamba hayo yote bado yako kwenye vichupa vya maabara, hakuna mgonjwa aliyepewa.

Leo nimempelekea dawa ya vidonda vya kinywa, nikamkuta shambani. Mkono mmoja jembe, mwingine umeshika mgomba asianguke. Majirani wanang'oa kahawa wapande nyanya, yeye anapanda miche ya kahawa.

"Mpaka izae, dada, dawa yako itakuwa imefika."

Kahawa huanza kuzaa mwaka wa tatu. Mimi ndiye niliyempima damu; kinga yake imekwisha. Hata masika yajayo nayaogopa.

Nikapiga magoti, nikamshikia mche, akashindilia udongo kwa ngumi. Kisha akaniambia nishike mwingine.